Taya la Noeline Strang

Mwaka alioolewa Noeline, meno yake yote yaling'olewa kwa siku moja, mazima, na hakuna hata moja lililokuwa likimuuma. Jamani, niambieni kama huo si uwendawazimu. Binti wa miaka ishirini, mzima wa afya, anapandishwa asubuhi kwenye gari la kubebea kondoo, anapelekwa mjini Gore, anakalishwa kitini, na jioni anarudishwa nyumbani na kitambaa chenye damu mdomoni. Na njiani wakirudi mama yake anamwambia ashukuru, maana wasichana wengine baba zao hawana uwezo wa kuwapa zawadi kama hiyo.

Ndiyo, zawadi. Huku kwetu Southland, mkoa wa wafugaji wa kondoo kusini kabisa, miaka hiyo, baba aliyejiheshimu alimpa binti yake anayeolewa seti nzima ya meno ya bandia, ya juu na ya chini, ili mume asije akabebeshwa mzigo wa daktari wa meno. Walisema meno ni kitu cha kuoza tu, mwanamke akianza kuzaa ndiyo basi kabisa, kwa hiyo heri yatoke mapema mambo yaishe. Hakuna aliyesimama akauliza mbona yanatolewa yale ambayo hayajaoza. Daktari mwenyewe, Bwana Purdue, mzee mmoja mwenye mikono minene aliyenuka tumbaku, alilishika jino la kwanza akalitazama kwenye mwanga wa dirisha. Noeline alikuwa amechomwa ganzi, si usingizi, kwa hiyo alimsikia vizuri.

"Loo," alisema Bwana Purdue, "jino zuri hili."

Kisha akalitupa ndooni, akarudisha koleo kinywani. Hivyo ndivyo alivyofanya, lahaula, akiendelea kuyasifia moja baada ya jingine mpaka kinywa kikawa kitupu.

Siku ya harusi, kwenye ukumbi wa kijiji, baba yake alisimama kutoa nasaha. "Alister, kijana wangu," akasema, "nakukabidhi binti, matengenezo yote nimeshayafanya mwenyewe!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Noeline naye alicheka, mkono mdomoni, kwa sababu seti ya chini ilikuwa inachezacheza na aliogopa itamtoka mbele za watu. Kwenye picha anaonekana na meno meupe yaliyopangika kama funguo za kinanda. Wageni waliyasifu sana.

Akaanza maisha ya mke wa mfugaji. Kila msimu wa kukata manyoya alipika tangu alfajiri: nyama ya kondoo ya kuchoma yenye mafuta yaliyokauka juu, mbavu, viazi, maandazi ya siagi, keki. Wakata manyoya walikuwa wanasema hakuna jiko kama la Noeline Strang kutoka Gore mpaka baharini. Yeye mwenyewe alikaa pembeni na sahani ya viazi vilivyopondwa na mchuzi. Kwenye mikutano ya akina mama, kila mmoja akija na sahani yake ya vitafunwa, aliokota mkate mlaini wa jibini, akauchovya kwenye chai. Akibanwa sana kula kitu kigumu, alikitia kwenye leso akasema ameshiba. Ulimi wake ulikuwa na kazi mbili maisha yake yote, kusema na kulishikilia lile bamba la meno ya chini lisiruke.

Na mumewe? Alister Strang alikuwa na meno yake mwenyewe, yale yale yaliyoota kwenye taya zake, mpaka uzeeni. Wavulana hawakupewa zawadi ile. Akila tufaha uwanjani, unamsikia mpaka jikoni.

Jambo moja ambalo hakuna aliyemwambia Noeline, si Bwana Purdue, si mama yake, si mtu yeyote, ni kwamba mfupa nao unaondoka. Kila baada ya miaka michache meno ya bandia yalilegea, akachongewa mengine, nayo yakalegea, akanunua gundi, kisha gundi kali zaidi, na alidhani ni yeye ambaye hajui kuyavaa. Alijilaumu, masikini. Mpaka alipofika kwa daktari mpya pale Gore, binti mmoja mpole kutoka Auckland, ambaye alimpiga picha ya taya, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akavuta kiti akaketi karibu naye.

"Bi Noeline, nani alikutoa meno yako?"

"Baba alinipa kama zawadi ya harusi."

Yule binti akafumba macho kidogo. Akamweleza taratibu. Mfupa wa taya unaishi kwa sababu ya kazi, na mzizi wa jino ndio unaoupa kazi hiyo. Jino likitoka, mwili unaona mfupa huu hauna shughuli, unaanza kuumaliza kidogo kidogo. Bamba la plastiki linapokaa juu yake miaka na miaka, linaukandamiza, unaisha haraka zaidi. Akamwonyesha kwenye picha: taya la chini la Noeline lilikuwa limebaki jembamba kama penseli.

"Ukiendelea hivi litavunjika," alisema. "Si lazima uanguke. Linaweza kuvunjika ukitafuna biskuti."

"Yaani nimetolewa meno, na mfupa nao nikaupoteza bure?"

"Ndiyo, bibi. Samahani."

"Usiombe samahani wewe, mwanangu. Waliotakiwa kuomba wote wako makaburini."

Hakujua bado kwamba mmoja wao alikuwa hai, yuko nje ndani ya gari, akimsubiri, anasikiliza bei za kondoo kwenye redio.

Binti akamtuma kwa daktari bingwa wa upasuaji kule Dunedin. Bingwa akasema taya linaweza kujengwa upya. Watachukua kipande cha mfupa kwenye nyonga yake mwenyewe, wakifunge kwa skrubu ndogo juu ya ule mfupa uliobaki, wakiache mpaka viungane viwe kitu kimoja. Vikishashikamana, ndipo watapanda vyuma vidogo ndani ya taya, na juu yake meno yasiyotoka wala kuchezacheza. Lakini kuna sharti. Miezi ya kwanza asivae meno ya chini kabisa, hata kwa dakika moja, kwa sababu yataukandamiza mfupa mchanga na kazi yote itapotea.

Noeline aliuliza swali moja tu. "Nitatafuna?"

"Utatafuna, Bi Noeline."

Akarudi nyumbani akiimba garini. Alister alimtazama kwa jicho la pembeni.

Sasa angalia mambo ya dunia. Nafasi ya upasuaji ilipopatikana, iliangukia wiki mbili kabla ya harusi ya mjukuu wake, Hayley. Nafasi nyingine ingekuja mwakani. Raewyn, binti yake Noeline na mama yake Hayley, alipopata habari aliendesha gari kutoka Invercargill siku hiyo hiyo. Aliingia jikoni bila hata kuvua koti.

"Mama, ahirisha."

"Nikuwekee chai kwanza."

"Mama, sitaki chai. Ahirisha hiyo operesheni. Umeishi hivyo miaka yote hiyo, mwaka mmoja ni kitu gani?"

"Mwaka mmoja ni taya kukatika vipande viwili nikila biskuti."

"Jamani, usitie chumvi!"

"Sitii chumvi. Muulize daktari, namba yake ile pale ukutani."

Raewyn akaketi, akaanza kwa sauti ya kubembeleza, ile sauti anayotumia kwa watoto wa shule anakofundisha. "Mama, mfikirie Hayley. Picha za harusi ni za maisha. Wazazi wa bwana harusi wanakuja kutoka Christchurch, watu wenye mambo yao. Wewe ni bibi wa bi harusi, utakaa mstari wa mbele kabisa. Sasa ukae pale, mdomo umebonyea... Hayley atalia, mama. Nakuambia atalia."

Alister alikuwa upande wa pili wa meza na kikombe chake. Akakohoa. "Mama," alisema, maana hivyo ndivyo alivyomwita mkewe tangu Raewyn azaliwe, "mtoto ana hoja kidogo. Tungesubiri tu."

Hapo ndipo Noeline alipopandwa na hasira. Alinyanyua mkono, akalitoa bamba la chini, akaliweka mezani katikati ya sahani ya maandazi na birika la chai. Nusu ya uso wake wa chini ikaingia ndani, kidevu kikapanda karibu na pua. Mtu yeyote asingeamini kuwa ni uso ule ule. Raewyn akatazama dirishani. Alister akaweka kikombe chini. Mume huyu hakuwa ameuona mdomo ule mtupu hata siku moja, tangu ndoa mpaka siku hiyo, kwa sababu mama yake Noeline alimfundisha kulala na meno kinywani na kuyasafisha huku mlango umefungwa.

"Umebonyea hivi?" aliuliza Noeline. Maneno yalitoka na hewa nyingi lakini kila mtu aliyasikia. "Hivi, sivyo? Tazama, Raewyn, mbona unatazama kondoo? Meno yangu yalitolewa ili picha ya harusi ipendeze. Sasa na taya nalo niliache livunjike ili picha ya harusi nyingine ipendeze? Mkimaliza hapo mtataka nini, fuvu?"

"Mama, basi."

"Basi nini? Mimi ndio kwanza naanza!"

Alister akainua kiganja, kama anavyofanya pale mbwa wake wa malishoni wanapoanza kugombana. Alikuwa mtu wa amani, Alister, na watu wa amani wana tabia ya kusema neno baya kuliko yote kwa sauti ya chini kabisa.

"Tusimseme vibaya mzee," alisema. "Baba yako alikuwa na nia njema. Wala hakukurupuka. Alinijia zizini, akaniuliza kabisa."

Noeline akamgeukia polepole.

"Alikuuliza nini?"

"Hilo hilo la meno. Alisema, kijana, zawadi hii ni yenu wote wawili, niyatoe au niyaache, unasemaje? Nikamwambia, fanya unavyoona inafaa, mzee."

"Uliulizwa."

"Ndiyo, aliniuliza. Ndiyo maana nasema hakukuru..."

"Wewe uliulizwa."

Alister akaanza kuelewa alichokifanya.

"Mimi niliambiwa vaa koti, twende mjini," alisema Noeline. "Nilidhani tunakwenda kununua viatu vya harusi. Mpaka tumeingia kwenye kile chumba, Alister, mpaka mama amenivua skafu, mimi najua tunapita tu hapa kisha tunakwenda kwenye viatu. Na kumbe wewe umeshaulizwa zizini. Kinywa ni changu, anaulizwa mtu mwenye kinywa kingine!"

"Mama..."

"Ungesema hapana, yangebaki?"

Mtu mwongo angejinasua hapo. Alister hakuwa mwongo. "Nadhani yangebaki," alisema. "Mzee alikuwa ananisikiliza."

"Na kwa nini hukusema hapana?"

"Sikufikiria."

"Hukufikiria," akarudia Noeline. Hakupiga kelele tena. Alilichukua bamba lake, akalisuuza bombani, akalirudisha kinywani mbele yao, akavaa mabuti akaenda kuwalisha kuku. Raewyn akabaki na koti lake mwilini, hajui aondoke au akae.

Kesho yake Noeline alimpigia simu Hayley mwenyewe. Alimweleza yote, tarehe, mdomo, picha, na akamwambia yuko radhi kukaa safu ya nyuma ikiwa itamfaa. Hayley akaruka.

"Nani kasema nitalia? Bibi, mimi hata sijaambiwa! Mama hajaniuliza kitu chochote!"

"Ni ugonjwa wa ukoo huu," alisema Noeline. "Sasa nakuuliza mimi."

"Utakaa pale pale mbele. Na ukicheka, cheka. Mwenye shida ageuze kamera."

Lakini hilo halikupoza moyo wake juu ya mumewe. Hakumnunia, Noeline hakuwa mtu wa kununa. Alimpa za uso, moja moja, kila zilipomjia. Alister akichukua tufaha bakulini: "Kula, kula tu. Hayo ya kwako aliulizwa nani?" Alister akisifia mchuzi: "Nitajuaje kama nyama imeiva? Nimeionja lini?" Akimuuliza atamkaangia mayai mangapi: "Fanya unavyoona inafaa, mzee." Hilo la mwisho lilimkata maini. Akakaanga mayai yake mwenyewe, akayaunguza, akayala bila kulalamika. Majirani walioingia kuomba kamba au kuleta samaki walionja hali ya hewa mlangoni, wakakumbuka wana haraka.

Siku ya safari Alister aliendesha. Barabara ya Dunedin ni ndefu kwa watu wawili wasiozungumza. Walipopita Balclutha na kuvuka daraja, akasafisha koo.

"Nilikuwa kijana, mama. Sikujua kitu."

"Na mimi nilikuwa kijana. Kijana mwenye meno."

Akaendesha kidogo. "Nilidhani ndivyo watu wanavyofanya."

"Ndivyo walivyofanya. Nani amebisha? Ninachosema, ulikuwa na neno moja mkononi, Alister. Moja tu. Mimi sikupewa hata hilo, na wewe ulilitupa kama kapi." Akatazama nje, mashamba yakipita. "Ungelisema, ningekushukuru mpaka leo. Ningekuwa nimekula nyama niliyopika."

Alister akapunguza mwendo kama anataka kusimama, kisha akaendelea. Noeline hakumhurumia, au alimhurumia kidogo, lakini hakumwambia.

Hospitalini walimvalisha gauni lile la kufungwa kwa nyuma, wakamlaza kitandani, wakamwandikia alama kwenye nyonga kwa kalamu ya wino. Alister alikaa kando kwenye kiti cha plastiki, kofia magotini. Mtaalamu wa nusu kaputi akapita, muuguzi akapita, kisha bingwa mwenyewe akaingia na msaidizi wake. Alikuwa mtu mwema, tuseme ukweli, mwenye haraka na mwenye mkono mzuri. Lakini aliona mzee wa kiume kitini na mzee wa kike amelala, na miguu yake ikampeleka upande wa kiti.

"Habari, Bwana Strang. Basi ndivyo itakavyokuwa: tutaanza na nyonga, mfupa tutakaoutoa tutaupandikiza kwenye taya la bibi, itachukua saa kadhaa. Umri wake si mdogo, kwa hiyo kuna hatari zake, na nimeshaeleza. Nilitaka tu kuhakikisha mmeridhika. Tuendelee?"

Noeline alikuwa ameshafungua mdomo. Alikuwa na maneno tayari, na maneno hayo yangemfanya daktari yule akumbuke siku hiyo mpaka astaafu. Lakini Alister alikuwa ameshasimama. Kofia ikaanguka chini, hakuiokota.

"Usiniulize mimi," alisema.

Daktari akashangaa. "Samahani?"

"Nimesema usiniulize mimi." Sauti yake ilikuwa inapasuka, na muuguzi mlangoni akasimama. "Niliwahi kuulizwa juu ya kinywa cha mama huyu. Mara moja. Tazama kilichotokea. Mwenye kinywa ni yule pale, muulize yeye, na akisema hapana mnifungulie mlango nimrudishe nyumbani."

Daktari uso ukamwiva. Akazunguka kitanda, akaja upande wa Noeline, akainama mpaka macho yao yakawa sawa.

"Bi Noeline. Nisamehe. Tutatoa mfupa nyongani mwako, tujenge taya lako la chini. Unataka tufanye hivyo?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Noeline, yakiteremka kuelekea masikioni kwa sababu amelala chali, na alikasirika kwamba yanamtoka sasa, baada ya miaka yote hiyo, kwa swali jepesi kama hilo ambalo mtu yeyote angeweza kuliuliza. Alimtazama Alister, aliyebaki amesimama mikono mitupu. Kisha akamrudia daktari.

"Niulize tena," alisema.

"Unataka tukujengee taya, Bi Noeline?"

"Nataka," akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye korido. "Nataka. Haya, nipelekeni."